Taa ya miche: shilingi ya kwanza iende kwenye draiva

Hotuba kwa wazalishaji wa miche na mafundi umeme, Njiro, Arusha

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Mama zangu wa vitalu, mafundi wenzangu, na ninyi wageni wetu mliotoka Moshi alfajiri, karibuni sana. Nimepewa saa moja na nimeambiwa chai iko nyuma, kwa hiyo sitazunguka.

Nimeombwa nieleze namna ya kuchagua vifaa vya kujitengenezea taa ya LED ya kukuzia mimea. Najua wengi mnasubiri nianze na chipu, vile vijitaa vyenyewe vinavyowaka: ipi nyekundu, ipi ya bluu, ipi ina jina kubwa. Chipu nitaifikia, ila kwa kuchelewa makusudi, maana huko ndiko pesa za watu zinakoishia. Kile kifaa kinachoamua kama taa itadumu miaka au itazimika baada ya miezi, watu wanakinunua kwa chenji iliyobaki. Kifaa hicho ni draiva, kinachoukaa kati ya umeme wa ukutani na chipu na kuzilisha umeme unaozifaa, na leo nitakaa nacho kuliko vyote.

Lakini kwanza tuulizane: taa yenyewe unaihitaji? Arusha iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka hapa kwetu haifiki nusu saa. Jua la saa sita mchana, bila wingu, lina nguvu ambayo hakuna taa ya kuunga nyumbani itakayoifikia kwa bei ya umeme wa LUKU. Mwenye kitalu cha neti pale Tengeru au Usa River akiniuliza anunue taa gani, nitamwambia anunue mbegu nzuri, basi. Taa ina kazi kwa anayeotesha miche kwenye rafu ndani ya chumba, na kwa anayelea migomba iliyotoka maabara kabla haijazoea nje. Ina kazi pia wakati wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, wingu linapokaa juu ya Meru na miche ya nyanya na hoho ikaanza kurefuka, shina jembamba, inalala yenyewe.

Wenzetu wa mashamba ya maua nao huwasha taa usiku, na watu wakipita barabarani hudhani ni jambo lile lile. Silo. Krisantemumu huchanua usiku unapokuwa mrefu, na hapa karibu na ikweta usiku ni mrefu wa kutosha mwaka mzima. Anayetaka vipando, hataki ua, hukatiza usiku kwa mwanga ili mmea uendelee kutoa matawi. Kazi hiyo inafanywa na taa hafifu kabisa. Msichukue hesabu za taa zile mkazileta kwenye rafu ya miche.

Sasa kipimo. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu bila kipimo tutabaki tunanunua kwa macho. Boksi la taa dukani limeandikwa lumeni. Lumeni imetungwa kwa ajili ya jicho la mtu, na jicho la mtu linapendelea kijani, karibu na nanomita 555. Mmea hauna jicho. Wenyewe hutumia nuru ya kuanzia nanomita 400 hadi 700, na unachohesabu ni idadi ya chembe za nuru, fotoni, zinazogonga jani. Kipimo chake ni maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa kila sekunde. Jua la mchana nililolitaja ni kama maikromoli 2,000. Na mmea haujali tu nuru ina nguvu gani sasa hivi, unajali umepata kiasi gani mpaka jioni. Ni kama debe uani: mvua inaweza kuwa kubwa kwa dakika kumi au manyunyu ya kutwa, wewe unaangalia debe limejaa kiasi gani. Debe hilo la nuru linapimwa kwa moli kwa kila mita ya mraba kwa siku; nitasema moli kwa kifupi, na moli moja ni maikromoli milioni.

Miche michanga ya mboga huridhika na moli kama 10 kwa siku. Saladi ya kufikisha mezani hutaka 12 hadi 17. Nyanya ya kuzaa hutaka 20 na kuendelea, ndiyo maana simshauri mtu yeyote hapa azalishe nyanya chumbani wakati jua lipo nje bure.

Tuchukue rafu ya sentimita 120 kwa 60, ambayo trei za miche hukaa vizuri. Maikromoli 200 kwa saa 14 zinakupa moli 10. Eneo ni mita za mraba 0.72, kwa hiyo yanayotakiwa kufika kwenye majani ni maikromoli 144 kila sekunde. Mengine yanapotelea pembeni na ukutani, basi weka 180. Ukipaka rafu rangi nyeupe isiyong'aa utarudisha sehemu ya hayo kwa bei ya kopo moja la rangi.

Chipu nyeupe nzuri za siku hizi, ukishatoa hasara ya draiva, hutoa kama maikromoli 2.2 kwa kila wati. Gawanya 180 kwa hizo, unapata wati 80 na ushei. Wati 80! Ukisoma mitandaoni utaona watu wanazungumzia wati 600, maikromoli 800, maikromoli 1,000 kwa eneo dogo. Wengi wao wanalima bangi, na mmea ule kweli hula nuru nyingi. Sisi tuna kabichi. Na mmea wao huo hapa kwetu una kesi.

(Kicheko.)

Kwa umeme, wati 80 kwa saa 14 kwa mwezi ni uniti 34 hivi. Kwa wateja wa kawaida, shilingi 10,000 hukupa uniti kama 28, ukiacha siku ile ambayo kodi ya jengo inakatwa, kwa hiyo rafu moja ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Lakini mama uliye kwenye tarifa ya matumizi madogo, nisikilize. Ukomo wako ni uniti 75 kwa mwezi. Kama nyumba yako inatumia 50, rafu hii inakuvusha, na ukivuka, bei ya uniti inapanda mara tatu hivi. Taa inaweza kuwa nzuri na biashara ikawa mbaya kwa sababu hiyo tu. Piga hesabu hiyo kabla ya kwenda dukani.

Na kwa mwenye rafu moja, niseme jambo ambalo mafundi wenzangu hawatalipenda: huenda huhitaji kuunga chochote. Tyubu ya kawaida ya LED ya futi nne, wati 18, lumeni 1,800, inatoa maikromoli kama 26. Tyubu saba zinakupa zile 180. Utatumia wati 126 badala ya 80, lakini zinapatikana kila duka la umeme, ikiungua moja unabadilisha moja, na mtoto hagusi waya. Kuunga mwenyewe kunaanza kuwa na maana ukiwa na rafu nne, tano, au unapotaka kuwauzia wengine. Ila usinunue zile taa za utepe za kubandika kwenye dari la jipsamu. Kila chipu tatu zina rezista yake, na rezista kazi yake pale ni kugeuza sehemu ya umeme wako kuwa joto.

Haya, draiva.

LED haiendeshwi kwa volti, inaendeshwa kwa mkondo. Ukiongeza volti kidogo tu, mkondo unaruka. Na kuna tabia mbaya zaidi: chipu ikipata joto, volti inayoihitaji inashuka. Sasa ukiwa umeifunga kwenye chanzo cha volti isiyobadilika, ikipata joto inavuta mkondo zaidi, mkondo ukizidi joto linazidi, na hivyo hivyo mpaka inakufa. Draiva ya mkondo thabiti inakata mzunguko huo: inasema ampea ni hizi, volti zitakazohitajika nitazitoa mimi, ndani ya wigo wangu.

Kwa hiyo unaposhika draiva dukani, achana na neno lililoandikwa kwa herufi kubwa, soma maandishi madogo. Tafuta mkondo wa kutoka, tafuta wigo wa volti za kutoka, na uhakikishe taa yako inaangukia katikati ya wigo huo, si pembeni. Upande wa kuingia, ikiandikwa 100 hadi 240 inafaa, ikiandikwa 90 hadi 305 inafaa zaidi. Umeme wetu ni wa volti 230 kwenye karatasi, na mafundi mnajua saa mbili usiku unakuwaje mwisho wa laini. Ufanisi usipungue asilimia 90. Draiva isiyo na kibandiko chochote, au ya kibandiko chenye wati peke yake, irudishe.

Kinachoua draiva ni joto. Ndani yake kuna kapasita za elektroliti, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri wake unakatika nusu. Kwa hiyo draiva haikai juu ya taa, wala ndani ya rafu yenye unyevu. Ining'inize ukutani, nje ya chumba ikiwezekana, na uipe mzigo usiozidi kama asilimia 85 ya uwezo wake. Nyaya ndefu ni bei rahisi kuliko draiva mpya. Na mbele yake weka friji gadi, ile ile ya jokofu. Umeme unapokatika taa haidhuriki, ni unaporudi kwa kishindo.

Mafundi wenye macho hupata draiva nzuri kwenye taa kubwa za nje zilizoungua. Mara nyingi chipu imekufa na draiva ni nzima. Mimi naziheshimu sana hizo, ila zipime kwanza na mzigo, na kibandiko kiwe kinasomeka.

Namna ya kufunga. Tuseme umepata vibao virefu vya alumini vyenye chipu ndogo ndogo, sentimita 56, kila kimoja volti 20 kwa ampea kama 0.7. Unavitaka sita. Ukivifunga vyote kwa mfululizo, kimoja nyuma ya kingine, unahitaji volti 120. Kwa upande wa LED huo ndio mpangilio safi kuliko yote, kwa kuwa kila chipu inapata mkondo ule ule. Lakini volti 120 za mkondo mnyoofu, kwenye chumba ambacho mtu anashika trei zenye maji, zinaua. Ninachopenda kwa kazi ya miche ni kukaa chini ya volti 60. Funga viwili viwili kwa mfululizo, unapata volti 40, halafu mistari hiyo mitatu iwe sambamba, kila mmoja ukianzia na kuishia kwenye draiva. Draiva yako iwe ya daraja la volti 48, kama wati 100, yenye skrubu ya kuweka kikomo cha mkondo, nawe ukiweke kwenye ampea 2. Arobaini mara mbili, themanini. Zile wati 80 zetu.

Fundi makini ataniuliza: mstari mmoja ukikatika je? Swali zuri. Ampea 2 zitagawanyika kwa mistari miwili, ampea 1 kila mmoja. Kwa hiyo kabla ya kununua vibao, soma mkondo wake wa juu kabisa; ukiwa unazidi ampea 1, umepona. Weka fyuzi kwenye kila mstari, nunua vibao vyote siku moja, pakiti moja, ili volti zake zifanane.

Kabla sijaiacha sehemu hii kuna kitu nataka mkikatae kabisa. Kuna zile chipu kubwa za wati 50, za mraba, zinazouzwa bei ya kutupa, zinaungwa moja kwa moja kwenye volti 220. Muuzaji atakuambia haihitaji draiva, imo ndani. Kilichomo ndani ni vipande vichache vinavyopunguza mkondo. Hakuna transfoma inayokutenganisha na nguzo ya TANESCO. Ngozi yako na laini ya mtaa zinatenganishwa na tabaka jembamba tu la kihami juu ya bati. Kwenye bango la tangazo lililoko juu ukutani, sawa. Juu ya trei ya maji, na mama anamwagilia kwa chupa ya kupuliza, hapana. Na kwa taa yoyote yenye fremu ya chuma au alumini, waya wa athi, ule wa kijani na njano, ufungwe kwenye fremu, na nyumba iwe na fimbo ya athi iliyochimbiwa kweli, siyo waya uliokatwa ukafichwa ndani ya soketi. Ongeza swichi ya kinga ya miliampea 30, inayokata umeme ukianza kuvuja.

Joto nitalipitia haraka, maana wati 80 zilizotawanywa kwenye vibao sita si mzigo. Zaidi kidogo ya nusu ya umeme unaoingia kwenye chipu hugeuka joto, tuseme wati 46. Wanaojitengenezea taa bila feni hutumia kanuni ya sentimita za mraba 100 za alumini kwa kila wati ya joto. Msiende kutafuta hitisinki, yaani chuma cha kupozea, ya kuagiza. Nendeni kwa mafundi wa madirisha ya alumini, Unga Limited au Sombetini, wana vipande vilivyobaki wanavyouza kwa kilo. Kipande cha sentimita 56 chenye mzunguko wa sentimita 15 kina eneo la 840. Sita ni 5,040, umemaliza. Ongeza kidogo kwa kuwa tuko mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar, haibebi joto vizuri. Wenzangu wa Moshi mko chini yetu, hewa yenu ni nzito zaidi lakini ina moto, kwa hiyo nanyi ongezeni. Ikiwaka saa nzima, izime, shika alumini. Ukishindwa kuhesabu mpaka tano, ongeza alumini.

Msigandishe vibao kwa silikoni inayonuka siki. Asidi ile inakula shaba, na mvuke wake unaharibu chipu. Skrubu ndogo zinatosha.

Na sasa chipu zenu. Nyeupe. Nimemaliza.

(Kicheko.)

Haya, nitaongeza kidogo. LED nyeupe kimsingi ni LED ya bluu iliyopakwa fosfa inayogeuza sehemu ya bluu kuwa rangi nyingine. Ile ya bluu ndiyo iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Kwa hiyo ndani ya nyeupe una bluu ya kuzuia mche usirefuke, una nyekundu, na una kijani. Kwa miche, ya kelvini 4,000, namba inayotaja rangi ya weupe wake, ni nzuri; ya 6,500 inafanya mche mfupi mnene, nayo si mbaya. Ya 3,000 ina nyekundu zaidi. Tofauti ya hizi tatu kwenye trei ya kabichi ni ndogo kuliko tofauti ya kusahau taima. Taima, swichi ya kuwasha na kuzima kwa saa, ni lazima, kwa sababu kuna watu wanaacha taa ikiwaka usiku kucha wakidhani wanaharakisha. Nyanya ikimulikwa saa 24 majani yanageuka njano. Mpe usiku wake.

Mwenyekiti ananiangalia. Nachukua maswali mawili.

Mama yangu kutoka Rau anauliza: mbona alizoziona zikiuzwa ni za zambarau, na wanasema mmea hautumii kijani? Asante mama. Wanaosema hivyo wanatumia mchoro wa klorofili iliyochujwa kwenye chupa. Jani zima si klorofili kwenye chupa. Keith McCree mwaka 1972 alipima majani yenyewe ya aina 22 za mazao, akakuta kijani kinafanya kazi nzuri tu. Na kijani hupenya ndani zaidi ya jani. Zambarau si kosa, mimea inaota chini yake. Ila mama, chini ya zambarau huoni ugonjwa. Njano ya kukosa naitrojeni, madoa ya ukungu, vyote vinaonekana vyeusi. Wewe unauza miche, unahitaji kuona. Tena ukiwa na nyeupe, kipima laksi cha bei ndogo, kinachopima lumeni kwa kila mita ya mraba, kinakusaidia: gawanya laksi kwa 70, unapata maikromoli kwa kukadiria. Ukisoma laksi 14,000 kwenye usawa wa majani, ndizo zile 200 zetu. Kwa zambarau hesabu hiyo haifanyi kazi kabisa.

Kijana pale nyuma anasema kanunua taa iliyoandikwa wati 1,000 na haamini. Usiamini. Nenda kwenye mita yako ya LUKU, ile yenye kitaa chekundu kinachopepesa. Pembeni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti, mara nyingi ni 1000 imp/kWh. Zima kila kitu ndani, na jokofu ulichomoe, siyo kulizima tu. Washa taa peke yake, iache dakika kumi itulie. Kisha chukua simu, hesabu mipepeso kwa dakika sita kamili. Kwa mita ya 1,000, kila mpepeso ni wati 10. Ya kwako, kama ni zile ninazozijua, utahesabu kumi au kumi na mbili. Ukifika mia, nipigie nije kuiona.